Kanuni za klasi: zinaua ubunifu wa katamarani au zinauchokoza? Tujadili kabla hatujaandika zetu hapa Winam

Msumeno_Dunga (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Kuna watu wachache hapa Kisumu tumeamua kuanzisha mbio za katamarani ndogo za kujitengenezea, yaani boti za mitumbwi miwili iliyounganishwa: plaiwudi, turubai, mlingoti wa mti, au bomba la alumini kwa mwenye nazo. Tutashindana Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, alasiri, upepo wa ziwa ukishaamka. Hatuna klabu, hatuna jina, hatuna kikombe. Boti moja iko karakanani kwangu Dunga, nyingine imelazwa kifudifudi Usoma ikingoja rangi, na tayari tumeshagombana.

Tunagombania kanuni za klasi, yaani masharti ambayo boti lazima itimize ili ishindane na wenzake. Kambi moja inataka ramani moja: kila mtu ajenge boti ileile, tofauti ibaki kwa nahodha. Kambi ya pili, ambayo ndiyo yangu, inataka mistari michache tu: urefu, upana, ukubwa wa tanga. Kilichobaki kila fundi na kichwa chake. Wale wananiambia naleta vita vya pesa. Mimi nawaambia wanazika ufundi.

Badala ya kuendelea kurushiana maneno kwenye WhatsApp, nimeona nilete hapa jambo ambalo dunia imeshalijaribu. Miaka ya 1960 chama cha kimataifa cha mbio za matanga, wakati huo kikiitwa IYRU, kilizigawa katamarani kwa herufi. A ni ya mtu mmoja: urefu futi 18, upana futi 7 na nusu, tanga futi za mraba 150. B ni ya watu wawili: 20 kwa 10, tanga 235. C ni ya wawili pia lakini kubwa: 25 kwa 14, tanga 300. D ilikuwa kubwa zaidi na karibu hakuna aliyejisumbua nayo. Kanuni zenyewe zilikuwa fupi, ungeweza kuziandika nyuma ya risiti. Zilianza pamoja, kisha kila herufi ikashika njia yake.

B ilipatwa na Tornado. Mwingereza Rodney March aliichora, ikashinda majaribio ya mwaka 1967 ya kutafuta katamarani ya watu wawili, ikafanywa ya muundo mmoja, ikaingia Olimpiki 1976 na kukaa huko hadi 2008. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba B kama uwanja wa wazi ilikwisha. Nani angehangaika kubuni B nyingine na medali iko kwa Tornado? Umbo la mitumbwi yake halikuguswa miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni kile walichokubaliana wote kwa pamoja, kama walivyoongeza spinaka, lile tanga kubwa la mbele linalofura, na waya wa pili wa kujining'iniza baada ya Sydney 2000.

C ikabaki wazi kabisa. Urefu, upana, eneo la tanga, basi, hata uzito hawakuugusa. Mafundi wakaisoma kanuni vizuri wakaona inapima ukubwa wa tanga lakini haisemi tanga ni kitu gani. Wakatupa kitambaa. Wakajenga bawa gumu kama la ndege, limesimama wima, vipande viwili au vitatu vyenye mwanya katikati wa kupitishia upepo. Haya walikuwa wanayafanya tangu miaka ya 1970. Wale waliotetea America's Cup, kombe kongwe la mbio za matanga, mwaka 1988 kwa katamarani ya Stars & Stripes, bawa lao lilitoka kwenye akili za watu wa C. Na zile AC72, katamarani za futi 72 za America's Cup ya San Francisco 2013, zenye bawa la mita za mraba 260, zinadaiwa na kanuni ile ya mistari mitatu.

A nitawaachia wengine, kuna mtu wa Naivasha humu anaijua kuliko mimi.

Msimamo wangu ni huu. Ubunifu ni kama maji kwenye mtumbwi: hayaombi ruhusa, yanatafuta mshono uliolegea. Anayeandika kanuni ndiye anayechagua mshono. B ilizibwa kote, ubunifu ukahamia mikononi mwa mabaharia. C iliachwa na mshono mmoja mkubwa, ukatoka bawa. Sasa niambieni, sisi tulegeze wapi?

Kondele_Base

Fundi, mimi naelewa mtumbwi na naelewa feri ya Mbita. Hii katamarani inakimbia kwa nini kuliko boti ya kawaida?

Nyar_Mbita

Nikujibu haraka kabla sijamgeukia fundi. Boti ya kawaida ya tanga inasimama wima kwa sababu ya uzito wa chini au unene wa tumbo lake. Vyote viwili vinaburuta maji. Katamarani ni mitumbwi miwili myembamba iliyoachana, imeunganishwa kwa boriti. Inasimama kwa sababu ya ule upana wa katikati, na kwa sababu baharia anajining'iniza nje upande upepo unakotoka. Mwembamba hatengenezi wimbi kubwa, kwa hiyo hazuiwi na wimbi lake mwenyewe. Ndiyo hiyo.

Fundi, umeisimulia C ukaishia penye utamu. Endelea. Kanuni isiyotaja uzito maana yake anayeweza kununua nyuzi za kaboni nyepesi zaidi ndiye bingwa. Bawa lenyewe unalibeba kama yai, huliachi ufukweni usiku, unahitaji banda la kulilaza na watu wa kulisimamisha. Mashindano ya C yaliyoanza 1961 yalifika Falmouth 2013, Wafaransa wa Groupama wakaja na boti inayopaa juu ya foili, yaani vibawa vya chini ya maji vinavyoinua boti, wakawaacha wote, wakarudi kushinda tena Geneva 2015. Boti ngapi zilikuwa pale? Za kuhesabu kwa vidole. Hiyo ndiyo klasi unayoisifia: imezaa teknolojia ya dunia nzima na yenyewe imebaki bila washindani.

Upande wa pili weka Hobie 16. Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuteleza mawimbini kule California, aliitoa karibu na 1970. Mtumbwi wake una upande mmoja uliobinuka na mwingine ulionyooka zaidi, kwa hiyo haihitaji ubao wa kushushwa majini ili isisukumwe kando. Unaiburuta mchangani na kuondoka. Muundo mmoja, kiwanda kinaamua, hugusi kitu. Zimejengwa zaidi ya 100,000. Hata pwani yetu ziko. Mjukuu anaweza kushindana kwa boti ya babu yake.

Mnaposema ubunifu mnamaanisha boti tu. Mimi nataka watoto wa Rusinga na Mfangano waweze kuingia mbio bila mjomba aliye Dubai.

Mzee_Demani

Vijana, hamjambo. Mimi ni wa pwani, ziwa lilinipata ukubwani, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kipwani.

Hili la kanuni na katamarani ni kongwe kuliko IYRU. Mwaka 1876 kule New York kulikuwa na mashindano ya kuadhimisha miaka 100 ya Marekani. Kijana mmoja fundi, Nathanael Herreshoff, akaja na chombo cha mitumbwi miwili alichokiita Amaryllis. Aliwapita waungwana wote na mashua zao kama wametia nanga. Walifanya nini? Walilalamika, akaenguliwa, na vyombo vya namna ile vikafungiwa nje ya mbio za kawaida. Herreshoff huyohuyo baadaye akageuka kuwa mchoraji mkubwa wa mashua za America's Cup, za mtumbwi mmoja. Katamarani ikalala usingizi kwenye mbio karibu miaka 70 au zaidi.

Kwa hiyo fundi, usisahau kanuni kubwa kuliko zote: ile inayosema nani haruhusiwi kufika kabisa. Hiyo haihamishi ubunifu kwenda popote. Inaufukuza.

Na kuna kinyume chake, kanuni iliyokaa kimya. Hati ya America's Cup ya mwaka 1887 ilitaja urefu wa chombo kwenye mstari wa maji: chenye mlingoti mmoja kisipungue futi 44, kisizidi 90. Idadi ya mitumbwi haikutajwa, maana nani angewaza? Mwaka 1988 Michael Fay wa New Zealand akasoma hati vizuri akaleta jitu la futi 90 kamili. Wamarekani nao wakasoma vizuri zaidi, wakaleta katamarani ya futi 60. Ilikuwa mbili bila, wala haikuwa mbio. Kesi ikaenda mahakamani New York: jaji wa kwanza akampa New Zealand kombe, mahakama ya rufaa ikalirudisha, na mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema hati haikatazi. Miaka miwili wanabishana juu ya neno ambalo halikuandikwa.

Kondele_Base

Mzee, hiyo kesi ingekuwa ya shamba Ahero ingekuwa bado inatajwa.

Naivasha_Kusi

Nimeitwa. Salamu kutoka kaunti ya Nakuru.

Klasi A ni hivi. Kwa vipimo vya sasa: urefu mita 5.49, upana 2.30, tanga mita za mraba 13.94 pamoja na mlingoti, uzito usipungue kilo 75. Tazameni hilo la mlingoti. Kwa sababu unahesabiwa ndani ya tanga, ukinenepesha mlingoti uwe na umbo zuri la kupasua upepo, unakata kitambaa. Kwa hiyo mafundi miaka yote wanapima unene wa mlingoti kwa milimita. Kipengele kimoja, na kikazaa elimu nzima ya milingoti inayozunguka.

Kisha foili zikaja. Mwaka 2009 wenye klasi wakaona hatari ya boti kuanza kupaa na bei kupaa nazo. Wakaandika kanuni ya nane: ubao au foili lazima iingizwe kutoka juu ya mtumbwi, na ncha zake zisikaribie mstari wa katikati ya boti chini ya sentimita 75. Hesabuni. Nusu ya upana ni sentimita 115. Toa 75. Zinabaki sentimita 40 za kuchezea kila upande. Waliamini hapo mtu hawezi kupata foili yenye ubapa wa kutosha kuinua boti.

Mafundi wakakaa na hizo sentimita 40. Wakapinda foili umbo la Z, inapita kwenye tundu kutoka juu kama kanuni inavyotaka, ikifika chini inakunja kuelekea ndani hadi ukomo. Boti zikapaa. Tena ajabu ni kwamba foili hizi zikawa ngumu zaidi kutengeneza kwa sababu ya kanuni. Kama wangeruhusiwa kuingiza kutoka chini, foili ya umbo la L iliyonyooka ingekuwa rahisi na pengine bei nafuu. Kanuni iliyowekwa ili kulinda mfuko ikaupasua.

Wakaishia kugawa mbio mara mbili: kundi la wazi la wanaopaa, na kundi la klasiki la wanaoelea. Wote wako chini ya klasi moja, mashindano ya dunia wanakwenda pamoja. Mimi naona ni suluhisho la kiungwana, ingawa kuna wazee wa klasi ambao hadi leo wakisikia neno foili wananuna.

Msumeno_Dunga

Naivasha_Kusi, ile ya AC72 nayo uieleze, maana naona inafanana.

Naivasha_Kusi

Inafanana kabisa. Walioandika kanuni ya AC72 walikataza kipande cha kuchezesha nyuma ya foili, kile kama cha bawa la ndege, na vibawa vya usukani pembe yake haikuruhusiwa kubadilishwa mbio zikiendelea. Bila hivyo, wengi walidhani boti ya karibu tani 6 haiwezi kupaa ikatulia. Ikiinuka itaruka juu, foili itoke majini, ianguke.

Timu ya New Zealand ikajaribu kimyakimya kwenye katamarani ndogo za futi 33, kisha wakatoka na yao kubwa mwaka 2012 inapaa. Siri ilikuwa umbo. Foili ina mguu wa wima unaozuia boti kusukumwa kando, na ncha ya chini iliyolala, imeinuka kidogo upande wa ndani. Boti ikipanda, mguu wa wima unatoka majini kiasi, kwa hiyo boti inaanza kuteleza kando. Ile hali ya kuteleza inapunguza pembe ambayo maji yanaipiga ncha ya chini, nguvu ya kuinua inapungua, boti inashuka yenyewe. Ikishuka, mguu unazama tena, mtelezo unapungua, inainuka. Hakuna mota, hakuna kompyuta, hakuna kipande kinachocheza. Kanuni ilikataza mkono wa kurekebisha, wakafanya umbo lijirekebishe.

Walilikosa kombe lakini, 9 kwa 8 baada ya kuongoza 8 kwa 1. Hiyo ni stori ya siku nyingine na bado inaniuma, na mimi si wa New Zealand.

Kondele_Base

Kwa hiyo ukimkataza fundi ndiyo unamfundisha. Mama yangu angependa uzi huu.

Nyar_Mbita

Sawa, lakini tuangalie gharama ya hayo "mafunzo". Kwenye hizo AC72 mtu alikufa, Andrew Simpson, bingwa wa Olimpiki, Mei 2013 boti ya Artemis ilipopinduka na kuvunjika. Baada ya hapo kamati ikaongeza masharti ya usalama. Ubunifu si mchezo wa karatasi.

Na nyinyi wa kambi ya wazi mnasahau kwamba waliofuata walijifunza. Mwaka 2017 Bermuda walitumia boti ndogo, AC50, na umbo la mitumbwi na bawa likawa moja kwa wote. Waliachiwa foili na mifumo ya kuziendesha. Sasa mifumo hiyo inahitaji mafuta ya haidroliki yasukumwe na nguvu za watu, hakuna injini. Timu nyingine zikaweka watu wa kuzungusha mikono. New Zealand wakaweka baiskeli. Miguu ina nguvu kuliko mikono, na mikono ikabaki huru kufanya kazi nyingine. Wakashinda 7 kwa 1.

Kondele_Base

SUBIRI. Walishinda kombe la dunia kwa mtindo wa boda boda ya Busia?? Baiskeli?? Dada, kwa nini hukuanza na hiyo? Mimi sasa ni mwanachama.

Msumeno_Dunga

Nyar_Mbita, umenipigia bao langu mwenyewe. Walifunga umbo, ubunifu ukahamia kwenye miguu. Ndicho nilichosema!

Nyar_Mbita

Na mimi sijabisha kwamba unahama. Nabisha kwamba uhame kwenda mahali ambapo maskini anaweza kuufuata. Baiskeli yoyote anaweza kufikiria. Bawa la kaboni hapana. Kwa hiyo tusiulize "wazi au kufungwa", tuulize mshono gani ukilegezwa akili inashinda pesa.

Mfano ninaoupenda ni Formula 18, iliyoanzia Ufaransa miaka ya 1990. Mita 5.52, kilo 180, watu wawili, na kaboni marufuku kwenye mitumbwi: faiba ya kawaida, mlingoti wa alumini. Viwanda vingi vinajenga, kila kimoja umbo lake. Omo, yaani pua za boti, zikabadilika mwaka hadi mwaka, zikawa zile zinazopasua wimbi badala ya kulipanda. Ubunifu upo, lakini ukinunua boti ya mwaka jana hujafa. Kufunga malighafi na kuacha umbo, hapo ndipo napenda.

Muundo mmoja nao una ugonjwa wake, nakubali. Nacra 17 iliingia Olimpiki ya Rio 2016 ikiwa inaelea na bodi zilizopinda. Baada ya Rio wakubwa wakaamua ipae, na kufika Tokyo inapaa. Siku moja unayo boti, siku ya pili huna mpaka ununue vifaa vipya. Kwenye muundo mmoja mabadiliko hayaji kidogo kidogo, yanakuja kwa barua.

Mzee_Demani

Hapo dada umesema. Na mimi niongeze mtu mmoja ambaye hakuwa mtu wa mbio: Mwingereza James Wharram, aliyefariki 2021. Alivuka Atlantiki miaka ya 1950 na katamarani ya futi 23 na nusu aliyojijengea, Tangaroa. Kwenye michoro yake ya baadaye boriti hazikukazwa kwa bolti, zilifungwa kwa kamba kama wafanyavyo watu wa Pasifiki, ili chombo kinyumbuke wimbi likija. Wenye mbio walimcheka. Kamba haimo kwenye vitabu vyao. Lakini watu wa kawaida duniani wamejenga boti zake kwa plaiwudi nyuma ya nyumba. Na ngalawa zetu je? Mrengu unafungwa kwa kamba tangu enzi za mababu, na hakuna kamati iliyotoa kibali.

Kwa hiyo mkiandika zenu msiandike mstari utakaofanya kamba iwe kosa. Bolti Kisumu ni ghali, nzuri zaidi za chuma kisichoshika kutu hata hazipatikani kirahisi.

Naivasha_Kusi

Jambo la kitaalamu kidogo. Msikopi eneo la tanga kutoka kwa Wazungu. Huko Kisumu uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Tanga lilelile, upepo uleule kwa kipimo cha kasi, nguvu inapungua kwa kiwango hicho. Huku Naivasha tuko juu zaidi na inahisika, boti inayotakiwa kuinua mtumbwi mmoja inasinzia tu. Ongezeni tanga kidogo.

Msumeno_Dunga

Hiyo nimeiandika ukutani.

Na mimi niwape moja ya huku. Ninyi mnasema foili, sijui Z, sijui L. Hapa Winam kuna mpimaji mkali kuliko wote, naye ni gugumaji. Leo ghuba ni safi, upepo ukigeuka kesho liko kisiwa kizima mbele ya Dunga. Chochote unachoning'iniza chini ya boti kinavuna. Nimeona shina moja likijifunga kwenye usukani wa kijana hapa, mizizi inaning'inia kama ndevu nyeusi, boti inayokimbia ikawa kama imefungwa kigingini, na akijaribu kugeuza usukani haugeuki. Alilala tumboni nyuma ya boti akilikata kwa kisu cha kuparia samaki huku tanga linapigapiga. Ongeza nyavu zilizosahauliwa.

Kwa hiyo huku fundi atakayeshinda ni yule atakayepata njia ya kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, bila kitu kirefu chini. Mitumbwi yenye upande mmoja ulionyooka kama Hobie. Usukani unaojikunja ukigonga. Ubao unaoinama nyuma ili shina liteleze. Hakuna anayeuza hivyo vitu vikiwa tayari kwa ziwa hili, na havihitaji kaboni. Hapo ndipo nataka mshono ulegezwe.

Nyar_Mbita

Omera, hatimaye tunazungumza. Mtumbwi uwe huru chini, malighafi zifungwe. Nakuunga mkono. Weka rasimu.

Msumeno_Dunga

Rasimu, nimejaribu kuifanya ya kupimwa kwa futi na mizani ya sokoni peke yake:

Urefu wa kila mtumbwi usizidi mita 4.88, yaani shiti mbili za plaiwudi kichwa kwa kichwa. Upana wa boti nzima usizidi 2.44 ili iingie kwenye lori. Tanga mita za mraba 11, mlingoti ukihesabiwa ndani kama klasi A. Uzito boti ikiwa kavu na vifaa vyake vyote usipungue kilo 120. Mbao, plaiwudi, faiba, alumini, turubai, kamba. Kaboni hapana. Umbo la mtumbwi, ubao, usukani na jinsi ya kufunga boriti, kila mtu na lake. Jaketi za kujiokoa kwa wote, hilo halijadiliwi.

Nilifikiria pia kuweka kikomo cha shiti za plaiwudi, nane kwa boti, lakini nani ataenda kuzihesabu ikishapakwa rangi? Nikaifuta. Kanuni isiyopimika ni kualika ugomvi.

Mzee_Demani

Kilo 120 nyingi. Shiti ya milimita 6 ni karibu kilo 10, nane ni 80. Mlingoti na tanga havifiki 40.

Nyar_Mbita

Mzee, ni nyingi kwa makusudi. Ikiwa kikomo kiko chini sana mtu atatumia plaiwudi ya milimita 3 ili awe mwepesi, apasuke katikati ya ghuba. Uzito wa chini ukiwa wa kistaarabu, hakuna faida ya kujenga dhaifu. Hata kilo 75 za klasi A zipo kwa sababu hiyo hiyo.

Kondele_Base

Nina swali la mtu wa kawaida. Hapo hamjakataza baiskeli.

Msumeno_Dunga

Kusukuma boti kwa miguu ni kosa, hiyo iko kwenye kanuni za kawaida za mbio za matanga. Kuvutia demani, ile kamba ya kurekebisha tanga, kwa pedali… kusema kweli sijakataza.

Kondele_Base

Asante. Sina la ziada.

Naivasha_Kusi

Mimi nina la ziada. Umeandika "urefu wa kila mtumbwi". Usukani ukining'inia nyuma ya tezi, yaani mwisho wa boti, kwa nusu mita, una umbo la kamtumbwi kadogo kanakoelea, unahesabiwa? Maana nikija na hiyo nina mita 5.38 majini na wewe una 4.88.

Nyar_Mbita

Na "turubai". Plastiki ngumu ya bango la matangazo ni turubai? Naona kuna mtu atalikaza kwenye fremu apate bawa.

Msumeno_Dunga

Naivasha_Kusi, hujafika hata Kisumu na tayari unaniibia nusu mita. Nitaandika "urefu wa kila kinachogusa maji boti ikiwa imesimama". Bango la matangazo naliacha kama lilivyo, nataka nione nani atathubutu kulisimamisha kwenye upepo wa saa kumi. Anayetaka kupima boti yake mapema aje Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, mizani nimeazima kwa wauza omena, kwa hiyo harufu mtavumilia.